Majivu ya karakana: namna ya kumrudisha fundi wa Ugogo kazini

Nyumba ikiungua katika kijiji chochote cha Ugogo, nchi ya Wagogo mkoani Dodoma, daftari hufunguliwa kabla majivu hayajapoa. Ni daftari la kawaida la shule, limepigwa mistari kwa rula, na jina la mwenyekiti wa kitongoji hutangulia. Chini yake zinafuata shilingi elfu mbili, elfu tano, debe la mtama, bati mbili, kuku, blanketi, sufuria moja na mfuniko wake. Asiye na kitu huandikisha siku zake: atakuja kufyatua matofali Jumanne na Jumatano. Kila ninaposoma daftari la namna hiyo nawaheshimu zaidi watu hawa, maana wengi wao hawana hata akiba ya kuwafikisha mavuno.

Lakini aliyeunguliwa akiwa fundi wa zeze au wa ilimba, ile ala ya vijiti vya chuma juu ya sanduku la mti, mtengenezaji wa ngoma za muheme, au mama mfinyanzi, daftari lile huwa na pengo. Linahesabu vitu vya nyumba. Baada ya miezi sita utamkuta ana paa, ana godoro, watoto wake wana sare za shule, na yeye yuko kwenye shamba la zabibu la mtu mwingine akipalilia kwa kibarua. Nyumba imerudi, ufundi haujarudi. Watu husema amekata tamaa. Mimi nadhani hatukumsaidia katika kile kilichoungua hasa.

Tuanze na kitu chenyewe. Sanduku la ilimba ya Kigogo huchongwa kwa tezo na kukombwa ndani kwa patasi. Mti unaotumika hauwezi kukatwa leo ukachongwa kesho. Mkoa wa Dodoma hupata mvua ya milimita kama 600 tu kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki hewa ni kavu na upepo ni mkali. Mti mbichi ukikombwa katika hewa hiyo hupasuka. Kwa hiyo fundi hukata vipande mapema, hupaka ncha zake udongo au nta ili visikauke kwa pupa, kisha huviweka kivulini kwa miezi mingi. Vipande kumi vilivyokauka vizuri ni akiba yake, sawa na ng'ombe zizini kwa mfugaji.

Na akiba hiyo anaiweka wapi? Juu ya jiko. Moshi hufukuza wadudu wanaotoboa mti, hukausha vibuyu taratibu, hulinda ngozi na mbegu. Karibu kila nyumba ya mafundi wa zamani ina uchaga wa aina hiyo, mweusi kwa masizi, umejaa vitu ambavyo mgeni angeviita takataka. Mahali palipo salama kuliko pote dhidi ya wadudu ndipo palipo hatari kuliko pote dhidi ya moto. Cheche ikiruka usiku, kitu cha kwanza kushika ni kile kilichokauka kuliko vyote, na hicho ndicho kazi ya miaka miwili ijayo.

Vibuyu navyo vina kalenda yao. Zeze halisikiki bila kibuyu, wala ndono, ule upinde wa muziki. Mbegu hupandwa na mvua za kwanza, mara nyingi pembeni mwa mtama au uwele, mmea unatambaa, na kibuyu huachwa kikomae na kukaukia shambani mpaka kiangazi. Kisha hutobolewa, hulowekwa, husafishwa ndani na kukaushwa tena. Moto ukitokea Agosti, wakati upepo ni mkali na kila kitu ni kikavu, unateketeza vibuyu vya msimu uliopita pamoja na mbegu za msimu unaokuja. Fundi huyo hata ukimpa milioni moja Septemba, hana kibuyu mpaka katikati ya mwaka unaofuata, labda anunue vya mwenzake. Na akikosa mbegu kabla ya Desemba, amepoteza mwaka mwingine tena. Katika daftari la michango sijawahi kuona mahali palipoandikwa mbegu za vibuyu, ingawa jirani anaweza kuzitoa kiganja kizima bila kupungukiwa na kitu.

Sasa majivu yenyewe. Kwa nia njema, siku ya pili vijana hufika na makoleo na toroli kusafisha kiwanja ili ujenzi uanze. Ningeomba wangoje. Majivu ya karakana yanastahili kuchekechwa, na mwenye kuchekecha awe fundi mwenyewe au mwanawe anayejua anachokitafuta. Chuma hakiteketei kwa moto wa nyumba. Tezo, patasi, keekee, kisu cha kukombea, nyundo, vyote vinaweza kuwamo humo, vimepoteza mipini na kubadilika rangi. Wengi huvitupa wakidhani vimekufa. Kilichotokea ni kwamba moto umekilegeza chuma: makali yaliyotiwa maji na mhunzi yamelainika, na ukijaribu kuchonga yanapinda. Mhunzi anaweza kuyarudisha. Hukitia chuma motoni hadi kiwe chekundu, hukizamisha kwenye maji au mafuta kikawa kigumu kiasi cha kuvunjika kama kioo, kisha hukipasha tena kwa moto mdogo ili ugumu ule upungue kidogo na chuma kisikatike kazini. Ni kazi ya siku moja au mbili. Mchango wa kumlipa mhunzi siku hizo mbili unaweza kufaa kuliko seti ya zana mpya za dukani, ambazo mara nyingi hazina umbo analolihitaji mkombaji wa ilimba. Tezo la fundi limenyooshwa na kupindwa kufuata mkono wake kwa miaka.

Hali ni ileile kwa vijiti vya ilimba. Hutengenezwa kwa misumari iliyofuliwa bapa, spoku za baiskeli, mbavu za mwavuli. Vikipita motoni hulegea, na kijiti kilicholegea hakitoi sauti safi. Hulia kama bati lililolowa. Vikifuliwa tena vikiwa baridi, pigo kwa pigo, hukaza na kuanza kuimba. Kwa hiyo kile kifungu cha vyuma vilivyoshikana chini ya majivu, ambacho mtoto wa shule angekiuza kwa mnunua vyuma chakavu, kinaweza kuwa ilimba mbili tatu.

Kwa mfinyanzi hasara huonekana ndogo. Chungu kimezaliwa motoni, na udongo uko mtoni. Vifaa vyake vinaenea kwenye kikapu: kipande cha kibuyu cha kukwangulia, gunzi, kitambaa, na kokoto laini la kusugulia chungu kabla hakijachomwa. Lakini mara nyingi kokoto hilo amelipata kwa mama yake au bibi yake, limesuguliwa na mikono ya watu watatu hadi likakaa sawasawa kiganjani. Usilifukie kwenye msingi wa nyumba mpya. Halafu kuna msimu: vyungu huchomwa kiangazi, nje, siku isiyo na mvua. Mama aliyeunguliwa Oktoba ana wiki chache tu kabla ya wingu la kwanza. Akizimaliza kwa kubeba maji ya kufyatulia matofali ya nyumba yake, ameukosa msimu wa kuuza. Kumbebea maji wiki tatu ni msaada wa karakana, hata kama hakuna atakayeuita hivyo.

Kuna kitu kingine kinachoungua bila kuacha chuma wala jivu, nacho ni kipimo. Muziki wa Wagogo haufuati ngazi ya piano. Sauti zake zinafuata zile zinazozaliwa zenyewe ndani ya uzi mmoja unapotetemeka, na ndiyo maana kwaya za vijijini zinapoimba sauti nyingi kwa pamoja masikio ya wageni hushtuka. Fundi huwa na ilimba moja ya zamani ambayo haiuzwi. Anapotengeneza mpya, hugonga hii, hugonga ile, hubandika nta kidogo chini ya ncha ya kijiti au kubandua, mpaka zikubaliane. Ilimba hiyo ikiungua, kipimo kinabaki kwenye koo lake na la mkewe. Inatosha kama ni mzee. Kwa kijana aliyeanza kazi miaka minne iliyopita haitoshi, na ilimba zake zitaanza kuyumba polepole bila yeye kujua.

Kinga ya hili tayari tunayo. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeitwa Dar es Salaam enzi za Mwalimu Nyerere na baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alikuwa amewafundisha ndugu na watoto wake kabla ya kufariki Desemba 2003. Ukumbi wa maonyesho wa chuo kile ulikuwa umeungua mwaka 2002. Jengo likateketea, mwalimu akafariki, na bado kipimo cha ilimba yake kinaishi katika nyumba kadhaa za ukoo wake. Mafundi wa Chamwino, Mvumi na Bahi wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa kubadilishana: ilimba ya kipimo ya kwangu ikae kwako, ya kwako ikae kwangu. Tamasha la muziki wa Cigogo linalofanyika Chamwino hukusanya vikundi vya vijiji vingi mahali pamoja. Siku ile ile simu moja inaweza kurekodi kila ilimba ya zamani, kijiti kimoja kimoja, na nakala ikatumwa kwa mtoto anayeishi mjini.

Kubadilishana huko si jambo geni kwa Mgogo. Tangu zamani mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote zizi moja. Aliwagawa kwa jamaa na marafiki katika vijiji vya mbali, wao wakanywa maziwa na kupata samadi, yeye akajua kwamba ukame ukipiga upande huu, au ugonjwa, au wezi, kuna mbegu upande ule. Watu waliopita katika njaa ya Mtunya, iliyoipiga Ugogo kuanzia 1917 hadi 1920 baada ya majeshi ya Vita ya Kwanza ya Dunia kuchukua nafaka, mifugo na vijana, walijua gharama ya kuwa na kila kitu mahali pamoja. Hekima ile ya zizi ndiyo inayotakiwa kwenye uchaga wa fundi: vipande vitano vya mti kwake, vitano kwa shemeji yake, na mbegu za vibuyu katika nyumba tatu.

Nyumba nayo ina sehemu yake katika habari hii. Tembe ya Kigogo, ndefu na fupi ya kimo, ilikuwa na paa la udongo uliotandazwa juu ya fito na miti. Cheche iliyotoka nje haikupata pa kushika kirahisi. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, iliyowakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, ilikuja na wito wa nyumba bora za matofali, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alishika udongo akafyatua matofali na wanakijiji wa Chamwino. Ziko faida nyingi katika nyumba hizo, mwanga na hewa zikiwemo. Lakini wengi waliishia katikati: kuta za matofali, na juu yake nyasi au bati lililokaa kwenye mbao kavu, na jiko bado ndani. Sikushauri tembe irudi. Ninachoshauri ni kwamba nyumba ya fundi isijengwe upya vilevile ilivyokuwa. Jiko litoke nje. Akiba ya miti ikae kwenye kibanda chake, mita kadhaa kutoka nyumba kuu, na kama moshi unahitajika, uwashwe mchana kukiwa na mtu. Mitungi miwili ya maji na ndoo ya mchanga mlangoni. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa 114, na kila mtu aijue namba hiyo, lakini kijiji kilicho kilomita arobaini kutoka mjini kwa barabara ya vumbi kitauzima moto wake chenyewe au hautazimwa.

Anayedhani fedha zikitosha mengine yatajipanga aangalie Kasubi, Kampala. Jengo kuu la makaburi ya Kabaka wanne wa Buganda, lililojengwa mwaka 1882 likiwa ikulu ya Muteesa wa Kwanza na kuwa kaburi lake mwaka 1884, liliteketea usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Lilikuwa Urithi wa Dunia tangu 2001. Misaada haikukosekana: serikali, Baganda wenyewe, Japani kupitia UNESCO. Hata hivyo Kasubi iliondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023 tu, miaka kumi na tatu baadaye. Sababu za kuchelewa zilikuwa nyingi, na mojawapo inatuhusu sana: paa lile kubwa la nyasi huezekwa na watu wa ukoo wa Ngeye, na wazee wanaoijua kazi walikuwa wamebaki wachache. Ikabidi vijana wafundishwe huku jengo likisubiri. Paris, kanisa la Notre-Dame liliungua tarehe 15 Aprili 2019 na likafunguliwa Desemba 2024. Fedha zilikuwa nyingi mno, ni kweli, lakini pia Ufaransa ilikuwa bado na maseremala wanaoweza kuchonga boriti ya mwaloni kwa shoka la mkono.

Sisi tuna mafundi bado. Hilo ndilo linalonifanya niandike kwa haraka ninayoisikia moyoni. Tukimwacha mmoja ageuke kibarua wa mashamba, hatutaona pengo mwaka huu. Tutaliona siku ambayo kikundi cha muheme kitahitaji ngoma sita na kupata nne zenye ngozi za kununua mjini.

Kuhusu fedha za umma, njia zipo, ila zimepangwa kwa mtu ambaye karakana yake imesimama. Halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024. Mzee wa miaka sitini na tano anayetengeneza zeze hayumo katika makundi hayo, labda awe na ulemavu. Mkewe mfinyanzi yumo, akiwa na kikundi. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania nao hukopesha wasanii. Mkopo ni kitu chema, tatizo ni wakati wake: marejesho yataanza kudaiwa wakati mti bado unakauka. Kwa aliyeunguliwa mkopo ufae mwaka wa pili, kupanua kazi. Mwaka wa kwanza unahitaji mchango usiorudishwa, hata mdogo, na muda wa kupumua. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Kamati inapoorodhesha hasara, iulize na kuandika zana, malighafi na kazi zilizokuwa zimeagizwa, pamoja na idadi ya vyumba na magodoro.

Kuorodhesha kunataka ushahidi. Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, moja ya maswali magumu baadaye lilikuwa nani hasa alikuwa na kizimba pale. Fundi wa kijijini hana hata kizimba. Picha kumi za zana zake, akiba yake na kazi zilizokamilika, zikiwa kwenye simu ya binti yake aliyeko Morogoro, zinaweza kumsemea mbele ya kamati yoyote. Zinamsaidia pia kwa maofisa wa misitu: chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kukata mti wa hifadhi kunahitaji kibali, na fundi aliyepoteza akiba yote atahitaji miti mingi kwa mara moja kuliko kawaida yake. Barua ya kijiji na picha zile humwepusha asionekane mharibifu wa msitu.

Nimeacha jambo moja kwa makusudi hadi sasa kwa kuwa ni chungu. Mgogo amebandikwa jina la ombaomba katika nchi hii kwa miaka mingi, na utani huo umewaingia hata watoto. Fundi aliyeunguliwa analijua jina hilo. Ndiyo maana wengine hukataa kupitishiwa bakuli mjini, hata wakiwa na shida ya kweli. Kwake agizo la kazi ni bora kuliko sadaka. Kikundi cha ngoma, shule, kwaya ya kanisa au hoteli ya Dodoma inaweza kuagiza ilimba mbili na kulipa nusu mapema. Nusu hiyo ndiyo inayonunua ngozi na kumlipa mhunzi, na yeye anaamka asubuhi akiwa ana kazi ya mtu mkononi.

Anayeagiza asimharakishe, hata hivyo. Hapa nimeona wema ukigeuka madhara. Mfadhili anataka picha ya ilimba mpya baada ya miezi miwili, aitumie kwa waliochanga. Fundi, kwa haya na kwa shukrani, anachukua mti mbichi. Ilimba inatoka nzuri, inapigwa picha, inasafirishwa, na kabla ya mwaka kuisha imepasuka mgongoni. Aliyenunua hajui habari za moto wala za mti. Anajua jina la fundi tu, na jina hilo ndilo linaloharibika. Bora agizo la kwanza liwe la vitu visivyosubiri mti: njuga, marekebisho ya ngoma zilizotoboka, kufundisha vijana kwa malipo ya siku. Vikundi jirani vinaweza kumkopesha vipande vyao vilivyokauka, naye akavirudisha vyake vitakapokuwa tayari, kama ng'ombe wa zizi la mbali.

Na siku ilimba ya kwanza itakapokuwa imekombwa, vijiti vimefuliwa na nta imebandikwa, itakuwa bado haijakamilika. Kwenye sanduku kuna tundu dogo, na juu yake hubandikwa utando mwembamba mweupe, kile kijikaratasi ambacho buibui hufunikia mayai yake ukutani. Ndio unaoipa ilimba ule mtetemo wake wa kukwaruza, na bila huo masikio ya Kigogo husema chombo hakijasema kitu. Nyumba mpya ya fundi, yenye plasta na rangi iliyochangiwa na wanakijiji, haina buibui hata mmoja. Kwa hiyo atatoka asubuhi, atavuka korongo hadi nyumba ya zamani ya jirani, atapiga hodi na kusalimu mbukwa, na wakishaitikia ataomba ruhusa ya kutazama kuta zao za ndani, akiwa na kisu kidogo mkononi.